UDONGO NAO UNA NJAA

Viazi mviringo ni zao la fedha katika milima ya Uluguru. Kule Mgeta, katika vijiji kama Nyandira, Langali, Tchenzema na Kikeo, familia nyingi hulima viazi. Huvilima pamoja na kabichi, njegere, maharage na mboga nyingine. Baridi ya milimani inavifaa viazi. Vikivunwa, hutiwa magunia, hupakiwa katika magari, vikashuka mpaka soko la Morogoro mjini. Vingine husafiri mpaka Dar es Salaam na kuwa chipsi. Fedha ya viazi hununua sare za shule, mabati, chumvi na sabuni.

Lakini sikiliza mazungumzo ya wakulima wanapokutana njiani. Mmoja husema, "Shamba hili zamani lilinipa magunia kumi. Sasa hata matano siyaoni." Mwingine husema, "Viazi vyangu vimekuwa kama gololi." Kisha wote hutikisa kichwa na kusema neno moja: "Ardhi imechoka."

Mimi silikubali neno hilo. Mtu aliyechoka hupumzishwa. Mtu mwenye njaa hulishwa. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Nasema ardhi yetu haikuchoka. Ina njaa.

Babu zetu waliweza kuipumzisha ardhi. Walilima hapa miaka michache, kisha wakahamia pale. Majani na vichaka viliota, vikaoza, na udongo ukapata nguvu tena. Sisi hatuwezi kufanya hivyo. Watu wameongezeka na mashamba yamegawanywa vipande vidogo. Huko juu hakuna pa kwenda, kwa sababu msitu wa Uluguru ni hifadhi. Mwaka 2008 ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Na hata usingekuwa hifadhi, msitu huo ndio mama wa chemchemi zetu. Tukiukata tutakosa maji.

Basi kama hatuna nafasi ya kuipumzisha ardhi, hatuna budi kuilisha. Na chakula chake cha kwanza kiko karibu nasi. Ni samadi na mboji.

1. KIAZI HUONDOKA NA NINI?

Wengine hudhani kiazi hutengenezwa na maji na jua tu. Sivyo. Kiazi hula udongoni. Chakula chake kikubwa ni cha aina tatu. Nitrojeni hujenga majani na shina. Fosforasi hujenga mizizi. Potasiamu husaidia kukijaza na kukinenepesha kiazi chenyewe.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Chukua magunia kumi ya viazi, kila gunia kilo 100. Hiyo ni tani moja. Ndani ya tani hiyo mna karibu kilo 3 za nitrojeni na karibu kilo 4 za potasiamu. Vyote hivyo vimetoka katika shamba lako. Ukiuza magunia kumi, umeuza viazi, na pia umeuza chakula cha udongo. Gari limeondoka nacho. Maganda ya viazi vyako yanatupwa jalalani mjini. Hayarudi Nyandira.

Mvua nayo huchukua fungu lake. Mashamba yetu yako kwenye miteremko mikali. Mvua kubwa ya masika ikinyesha juu ya udongo mtupu, hubeba ule udongo mweusi wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Tazama Mto Mgeta wakati wa masika. Maji yake huwa mekundu. Mto Mgeta huingia katika Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaowapa maji watu wengi wa Dar es Salaam na Kibaha. Kwa hiyo udongo wetu unaharibu hata maji ya ndugu zetu wa mbali.

Shamba ni kama pipa la unga. Ukichota kila siku bila kuongeza, ipo siku kibakuli kitagonga chini. Siku hiyo usiseme kwamba pipa limechoka.

2. FUNZO LA MIAKA YA 1950

Kuna jambo lililotokea hapa Uluguru ambalo linafaa kukumbukwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliona kuwa udongo wa milima hii unamomonyoka. Ikaleta mpango wa kuwachimbisha watu matuta ya ngazi. Watu walilazimishwa. Asiyechimba alishtakiwa na kutozwa faini. Kazi ilikuwa ngumu mno. Chuki ilizidi, na mwaka 1955 kukatokea ghasia kule Matombo. Polisi walipiga risasi, na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango huo uliachwa.

Kwa nini watu waliukataa? Sababu zilikuwa nyingi. Kulazimishwa ni sababu kubwa, maana hakuna mtu mzima anayependa kuswagwa kama mbuzi. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo wakulima waliiona kwa macho yao. Mahali pengi udongo mweusi wa juu ni mwembamba. Ukichimba ngazi pana, unaufukia udongo huo na kuuleta juu ule mwekundu wa chini usio na rutuba. Watu walitoa jasho, kisha wakavuna kidogo kuliko mwanzo. Ngazi zilizuia udongo, lakini hazikuulisha.

Sasa tazama upande wa Mgeta. Huko sehemu nyingi ngazi zilibaki. Zilibaki kwa sababu wakulima walizipanda mboga za kuuza, wakazimwagilia maji ya mifereji na kuzitia mbolea. Waliona faida yake, wakazitunza wenyewe.

Tena, wenyeji wa Uluguru walikuwa na maarifa yao kabla ya mpango ule. Walilima kwa ngazi nyembamba, wakivuta udongo kwa jembe na kufukia majani chini yake. Majani yale yalioza na kuwa mbolea. Bibi na babu zetu walijua kuulisha udongo, ingawa hawakuandika vitabuni.

Funzo ni hili. Kuzuia udongo usiondoke ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuulisha. Anayechimba matuta bila kutia mbolea amejenga ghala, lakini hakuweka chakula ndani.

3. SAMADI NA MBOJI HUFANYA KAZI GANI?

Samadi ni kinyesi cha mifugo kilichochanganyika na mkojo na majani ya kulalia, kikaoza. Mboji ni majani, mabua, samadi na takataka za jikoni vilivyopangwa pamoja katika rundo na kuozeshwa. Zote mbili hufanya kazi nne.

Kwanza, hulisha mmea. Ndani yake mna nitrojeni, fosforasi, potasiamu na vyakula vingine vidogo vidogo. Havitoki vyote kwa mara moja. Hutoka polepole, na vingine hubaki kwa msimu wa pili na wa tatu.

Pili, hushika maji. Udongo wenye mboji ni kama sifongo. Mvua ikinyesha, hunywa. Jua likiwaka, hautoi unyevu wote upesi. Hili ni jambo kubwa kwa viazi. Kiazi kikikosa maji, kisha kikayapata mengi ghafla, hupasuka au huota vinundu. Unyevu ukiwa sawasawa, kiazi hukua laini na cha mviringo. Mnunuzi hukipenda.

Tatu, hulegeza udongo. Kiazi hunenepa ardhini. Udongo mgumu hukibana, kikapinda. Udongo uliolegea hukipa nafasi.

Nne, hulisha viumbe vidogo vya udongoni, kama nyungunyungu. Viumbe hivyo ni vibarua wasiodai mshahara. Hutoboa udongo na kuuchanganya usiku na mchana.

Kiazi chenyewe ni mtoto wa milimani. Asili yake ni milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, katika nchi za Peru na Bolivia. Wakulima wa huko wamelima viazi kwa maelfu ya miaka. Na wao huvitilia samadi ya mnyama wao aitwaye lama. Kwa hiyo ndoa ya kiazi na samadi ni ya zamani sana.

4. NAMNA YA KUTENGENEZA MBOJI

Wahenga walisema, akiba haiozi. Lakini mboji ni akiba ambayo lazima ioze. Isipooza haifai. Fuata hatua hizi.

Chagua mahali penye kivuli, kando ya shamba lako. Safisha mahali hapo. Pima upana wa mita moja na nusu, na urefu wa mita tatu.

Chini kabisa weka mabua na vijiti ili hewa ipite. Juu yake weka majani makavu, unene wa shibiri moja. Nyunyiza maji. Kisha weka majani mabichi. Kisha weka samadi, unene wa vidole vinne. Nyunyiza majivu kidogo na udongo mweusi kidogo. Rudia tena kwa mpango huo huo mpaka rundo lifike kifuani. Mwisho funika kwa majani ya migomba ili jua na mvua visiliharibu.

Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe na ukiguse. Kikiwa cha moto na kina unyevu, mboji inaiva vizuri. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi na kinanuka vibaya, maji yamezidi au hewa haipiti. Ligeuze rundo.

Ligeuze baada ya wiki tatu, na tena baada ya wiki tatu nyingine. Baada ya miezi mitatu hivi mboji huwa tayari. Milimani kwenye baridi kali inaweza kuchukua muda zaidi. Utaijua kwa macho na pua. Ni nyeusi, inamomonyoka mkononi, na inanukia kama udongo wa msituni baada ya mvua. Kwa hiyo anayetaka kupanda viazi mwezi wa Machi, aanze rundo lake mwezi wa Novemba.

Mambo matatu uyakumbuke. Usitie viazi vilivyooza wala mashina yenye ugonjwa, maana ugonjwa utarudi shambani. Usitumie kinyesi cha binadamu, wala cha mbwa au paka. Na ukimaliza kazi, nawa mikono kwa sabuni.

5. NAMNA YA KUITIA SHAMBANI

Usitumie samadi mbichi kwa viazi. Ina joto linaloweza kuunguza mbegu. Ina mbegu za magugu. Tena inaweza kuleta ukurutu kwenye ganda la kiazi. Kiazi chenye ukurutu hulika, lakini sokoni hakipati bei nzuri.

Majivu nayo yatiwe kwa kiasi. Yana potasiamu, na udongo mwingi wa milimani ni mchachu, kwa hiyo majivu kidogo husaidia. Yakizidi, ukurutu huongezeka.

Chimba mashimo au mifereji kwa kukingama na mteremko, si kwa kushuka nao. Acha sentimeta 75 kati ya mstari na mstari, na sentimeta 30 kati ya shimo na shimo. Tia konzi mbili kubwa za mboji katika kila shimo, karibu nusu kilo. Changanya na udongo. Weka mbegu, kisha fukia. Viazi vikiota na kufikia shibiri moja, pandishia udongo kwenye mashina. Kiazi kinachopigwa na jua hugeuka kijani, na kiazi cha kijani kina sumu. Usikile wala usikiuze.

6. MAJIBU KWA WANAOBISHA

Najua wapo watakaobisha. Ni haki yao. Tuzisikilize hoja zao moja moja.

"Samadi ni nzito." Kweli kabisa. Tufanye hesabu. Robo eka ya viazi ina mashimo karibu 4,500. Nusu kilo kwa kila shimo ni zaidi ya tani mbili. Debe moja la mboji lina kilo 15 hivi. Hayo ni madebe 150! Kupandisha madebe 150 mlimani kwa kichwa ni adhabu. Na tuseme ukweli, kichwa hicho mara nyingi ni cha mwanamke. Lakini mimi sisemi mbolea ibebwe. Nasema itengenezwe pale pale shambani. Majani yako shambani. Mabua yako shambani. Kitakachobebwa ni samadi kidogo tu ya kuamsha rundo. Marundo mawili ya kipimo nilichotaja yanaweza kutosha robo eka. Na hiyo samadi kidogo tuibebe sote. Baba akibeba debe hapungukiwi na ubaba wake.

"Sina ng'ombe." Huhitaji ng'ombe. Mbuzi, nguruwe na kuku wote hutoa mbolea. Katika miaka ya 1980, mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway waliletwa Mgeta kwa juhudi za wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Wafugaji wengi huwaona kama mbuzi wa maziwa tu. Mimi nasema mbuzi hao wana viwele viwili, kimoja cha maziwa na kingine cha mbolea. Mbuzi mkubwa akifungwa bandani hutoa karibu kilo moja ya kinyesi kwa siku. Mbuzi watatu kwa mwaka hukaribia tani moja, bado hujahesabu majani ya kulalia yaliyolowa mkojo. Mbuzi anayezurura huacha mali hiyo njiani, tena hula mazao ya jirani na kuleta ugomvi. Na kama huna mfugo hata mmoja, tumia majani. Panda marejea au kunde, kisha zifukie zikiwa bado mbichi. Hiyo ni mbolea ya kijani.

"Mbolea ya chumvichumvi hufanya kazi haraka." Ni kweli, na mimi siipingi. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Ni nyingi kwa mzigo mdogo. Lakini ukizidisha nitrojeni, viazi huota majani mengi yanayopendeza, na chini unakuta viazi vichache vyenye maji mengi, visivyokaa ghalani. Tena urea haishiki maji wala haizuii udongo kuondoka. Samadi ni ugali, chumvichumvi ni chumvi ya mboga. Chumvi kidogo huongeza utamu, lakini hakuna aliyeshiba kwa kulamba chumvi. Mwenye uwezo na atie zote mbili, samadi iwe ya kwanza.

Pia tukumbuke bei. Mwaka 1972 kiwanda cha mbolea kilianza kazi Tanga. Baadaye kilifungwa. Mwaka 2021 na 2022 bei ya mbolea za viwandani ilipanda sana duniani, na vita vya Urusi na Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vikaongeza matatizo. Serikali yetu ilibidi itoe ruzuku kuwasaidia wakulima. Mkulima wa Nyandira hakupigana vita vile, lakini aliguswa na gharama yake. Bei ya rundo lako la mboji haipangwi na mtu wa mbali.

"Shamba si langu." Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote. Kwa desturi ya Waluguru, ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Wengine hulima shamba la kuazima au la kukodi. Mtu hujiuliza, "Nikilisha udongo mwaka huu, mwakani mwenyewe akaninyang'anya, nimemlimia nani?" Swali hilo ni la haki. Mboji hulipa kwa misimu miwili au mitatu, wala si kwa msimu mmoja. Kwa hiyo mwenye shamba na mkodishaji wapatane kwa miaka mitatu. Wapatane kwa maandishi, mbele ya mashahidi na uongozi wa kijiji. Mwenye shamba atarudishiwa udongo wenye nguvu, na mkulima atavuna jasho lake. Nawaomba wazee wa koo walifikirie jambo hili. Kumfukuza anayetia samadi ni kuifukuza rutuba ya ukoo wako mwenyewe.

"Mbona fulani alitia samadi na viazi vikanyauka?" Samadi ni chakula. Si dawa ya kila ugonjwa. Mnyauko wa bakteria na ukungu wa majani haviponi kwa samadi. Tumia mbegu safi. Ng'oa mmea ulionyauka pamoja na viazi vyake, uutoe shambani. Usipande viazi mahali pale pale kila msimu, wala usivifuatishe na nyanya, maana hao ni ndugu na magonjwa yao ni mamoja. Panda mahindi au maharage kwanza.

"Kuchoma moto ni rahisi." Ndiyo, ni rahisi, kama vile ni rahisi kuchoma noti. Majani yakichomwa, nitrojeni yake hupaa na moshi. Udongo hubaki uchi ukiisubiri mvua iuchukue. Tena moto ukikimbia hufika msituni.

7. ANZA KIDOGO, ANDIKA

Usiyakubali maneno yangu kwa sababu tu yameandikwa. Karatasi hukubali kila kitu. Jaribu mwenyewe.

Chagua matuta mawili yanayofanana, yaliyo karibu. Tuta la kwanza tia mboji. Tuta la pili lima kama ulivyozoea. Tumia mbegu ile ile, siku ile ile, na palizi ile ile. Wakati wa kuvuna, pima kwa debe. Andika katika daftari: siku ya kupanda, mboji madebe mangapi, viazi vikubwa madebe mangapi, vidogo madebe mangapi, fedha kiasi gani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Hiyo kalamu ni jembe lako la pili. Tuta lenye mboji likishinda, utajua kwa hesabu yako, si kwa kuambiwa.

Na kama mboji yako inatosha nusu ya shamba tu, itie vizuri katika nusu hiyo. Nusu nyingine ipate msimu ujao. Usiitawanye kidogo kidogo mpaka isionekane.

Kazi hii hupendeza zaidi ikifanywa kwa pamoja. Kule Towelo, kijiji kilicho mlimani juu ya mji wa Morogoro, mwaka 2009 wakulima walianza kujifunza kulima mboga kwa mboji na kinga maji, bila dawa za viwandani. Mradi wao uliitwa Bustani ya Tushikamane. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2011 likaanzishwa shirika la SAT, ambalo limewafundisha wakulima wengi wa Morogoro. Kilianza kikundi kidogo. Darasa lenu nalo ni kikundi. Leo mnaweza kukubaliana: wiki hii tunajenga rundo la mama fulani, wiki ijayo la mzee fulani, mpaka kila mwanafunzi awe na rundo lake. Bwana shamba au bibi shamba wa kata aalikwe aje kutazama na kushauri.

Ndugu msomaji, mwaka 1955 watu wa milima hii walikataa kulazimishwa, na walikuwa na haki. Leo hakuna askari mlangoni wa kukuamuru uchimbe. Uamuzi ni wako. Watoto wako wataupokea mlima huu kutoka mikononi mwako. Wataupokea una udongo mweusi, au wataupokea mawe matupu. Ukitoka darasani leo, tazama majani yaliyolala kando ya shamba lako. Usiwashe kiberiti. Anza rundo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mwandishi anasema ardhi haikuchoka, ina njaa. Je, unakubaliana naye? Kwa nini?

2. Kwa nini watu wengi wa Uluguru walikataa kuchimba matuta ya ngazi katika miaka ya 1950? Waulizeni wazee wa kijiji chenu wanakumbuka nini.

3. Katika kijiji chenu, nani hubeba mbolea kwenda shambani? Kazi hiyo ingegawanywaje kwa haki?

4. Andikeni pamoja mfano wa mkataba mfupi kati ya mwenye shamba na mkulima anayekodi kwa miaka mitatu. Ni mambo gani lazima yawemo?

5. Shamba la eka moja lina mashimo 18,000. Ukitia nusu kilo ya mboji kila shimo, utahitaji kilo ngapi? Ni madebe mangapi, kama debe moja lina kilo 15?